Mlango Usiopita Ofisi ya Utumishi

Barua ya wazi kwa Chama cha Waajiri Tanzania, vyama vya wafanyakazi na wizara yenye dhamana ya kazi

Programu ya msaada kwa wafanyakazi ni huduma ambayo mwajiri huigharamia ili mfanyakazi mwenye tatizo lake binafsi apate mtaalamu wa kumsikiliza kwa siri, na ikibidi aelekezwe kwenye tiba au msaada zaidi, bila yeye kulipa na bila bosi wake kujua. Tatizo lenyewe laweza kuwa lolote: pombe, deni, msiba, ndoa inayovunjika, mtoto mgonjwa, kipigo nyumbani, sonona, kubeti. Hapa Tanzania huduma hii inafahamika zaidi kwa walioajiriwa na mashirika ya kimataifa na kampuni zenye makao makuu ng'ambo. Kwa wengine wengi, tatizo la nyumbani likishaanza kuonekana kazini hufuata njia moja tu: barua ya onyo, barua ya pili, kisha kikao cha nidhamu.

Njia hiyo ni ghali kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na maradhi ya wasiwasi peke yake huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya takriban dola trilioni 1 za Marekani. Takwimu kubwa namna hiyo hazimgusi meneja wa kiwanda cha Tabata. Kinachomgusa ni fundi mitambo aliyefundishwa kwa miaka na ambaye akiondoka leo mashine inasimama mpaka apatikane mwingine, na huyo mwingine huharibu mzigo wa wiki za mwanzo akijifunza. Tena anayeondoka mara nyingi alikuwa hodari. Mzembe wa asili hujulikana tangu kipindi cha majaribio. Mtu anayebadilika baada ya miaka saba ya kazi nzuri ana jambo linalomsumbua.

Huduma hii ilizaliwa viwandani. Mwaka 1896 kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, mjini York, Uingereza, kilimwajiri Mary Wood kushughulikia ustawi wa wanawake na wasichana waliofanya kazi humo. Umbo la leo, hata hivyo, lilitoka Marekani, na lilitokana na pombe. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, na walevi wawili waliogundua kwamba kila mmoja huweza kukaa bila kunywa akiwa na mwenzake. Katika miaka ya 1940 kampuni kama DuPont na Eastman Kodak zikaanza kuwatumia wafanyakazi waliokwisha kuacha pombe kuwavuta wenzao. Kazi ilikuwa nyingi na mafundi walikuwa adimu, hivyo huruma na faida zilikwenda pamoja.

Mpango huo ulikuwa na dosari moja kubwa. Wasimamizi walifundishwa kumtambua mlevi: macho mekundu, mikono inayotetemeka, harufu ya kinywa. Matokeo yalikuwa yale ambayo mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa angeyatabiri. Msimamizi alimficha rafiki yake na kumwandama adui yake, na hata pale alipokuwa mwadilifu, dalili zilionekana wakati ini na ndoa vimekwisha kuharibika. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosukumwa na Seneta Harold Hughes wa Iowa, mwenyewe mtu aliyewahi kuzama kwenye pombe na kutoka. Sheria hiyo iliunda taasisi ya taifa ya kushughulikia ulevi na kuzitaka idara za serikali kuu ziwe na programu kwa watumishi wake. Katika muongo huo ndipo mbinu ilipobadilika: msimamizi aliambiwa aache kuchunguza kinywa cha mtu, atazame kazi yake tu. Mlango ukawa mpana papo hapo, kwa sababu kazi inayodorora haisemi imedorora kwa nini, na waliopita hapo wakawa si walevi peke yao.

Tofauti ya mbinu hizo mbili huonekana kwenye maneno. Msimamizi anayemwambia dereva wa lori kwamba siku hizi anakunywa sana amefungua ubishi asioweza kuushinda. Dereva atakana, atauliza nani kasema, na mazungumzo yataishia kwenye umbeya. Msimamizi mwingine hufungua daftari. Jumatatu tatu za mwezi huu gari limetoka bandarini saa nne badala ya saa kumi na mbili asubuhi. Karatasi mbili za mizigo zimerudi bila saini ya mpokeaji. Mwaka jana hakukuwa na kosa hata moja la aina hiyo. Hapo hakuna cha kubishania. Kisha anaongeza kwamba kuna mtu wa kuzungumza naye, namba yake hii hapa, na kitakachosemwa huko hakirudi kwenye ofisi hii. Baada ya hapo hunyamaza. Haulizi kama ni pombe, ni mke au ni deni. Akiuliza na kujibiwa, amegeuka mnasihi asiye na mafunzo, na kosa hilo wasimamizi wenye huruma ndio hulifanya zaidi kuliko wakali.

Dereva halazimishwi kwenda. Akienda hapati kinga: gari likiendelea kuchelewa, taratibu za nidhamu zinabaki palepale. Wako waajiri wanaoikataa huduma hii kwa hofu kwamba itakuwa maficho ya wazembe, na wako wafanyakazi wanaoikwepa kwa kudhani kwenda ni kukiri kosa. Pande zote mbili zina hofu ya kitu ambacho programu iliyopangwa vizuri haikitoi.

Kwa mnasihi, kwa kawaida mtu hupewa vikao kati ya vitatu na vinane. Hiyo haitoshi kuwa tiba, wala haikusudiwi kuwa tiba; hutosha kulipambanua tatizo na kumfikisha mtu panapolitibu. Na hapa Tanzania mahali pa kumfikisha papo, jambo linalosahauliwa kila inaposemwa kwamba huduma hizi ni anasa ya nchi tajiri. Kuna vitengo vya afya ya akili kwenye hospitali za rufaa, na Mirembe mjini Dodoma kwa wanaohitaji zaidi. Tiba ya methadoni kwa wenye uraibu wa heroini ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikaenea kwenye hospitali nyingine. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yapo tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kila halmashauri hutakiwa kuwa na ofisa ustawi wa jamii. Anachokosa mfanyakazi anayetoka zamu ya usiku akiwa na usingizi na aibu ni mtu wa kumwambia aanze na lipi, saa ngapi, na amwone nani.

Wala wazo la mwajiri kujishughulisha na jambo la siri kabisa la mfanyakazi si geni kwenye sheria za nchi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka kila mwajiri kuwa na programu ya VVU na UKIMWI mahali pa kazi, na inalinda siri ya majibu ya vipimo. Kabla yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kukataza ubaguzi kwa sababu ya kuishi na VVU. Sehemu nyingi za kazi ziliteua waratibu, zikafundisha waelimishaji rika, zikatenga fungu. Mwaka 2014 mwongozo wa utumishi wa umma ukaongeza magonjwa sugu yasiyoambukizwa kwenye programu hizo. Kwa maneno mengine, muundo upo: mratibu, kamati, bajeti, kanuni ya siri. Kilichobaki ni kukubali kwamba mtu anayelala saa mbili kwa usiku kwa sababu ya deni anastahili uangalizi uleule anaostahili mwenye shinikizo la damu. Mara nyingi, kwa kweli, ni mtu huyohuyo.

Deni linahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, maana vitabu vya unasihi vilivyoandikwa kwingine hulipa kurasa chache, na hapa linastahili sura nzima. Mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu hutolewa kwa dakika chache, bila masharti ya benki, na dhamana mara nyingi ni kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye anayesimama kwenye foleni ya ATM. Anachukua chake, kinachobaki hakifiki tarehe kumi, na mkopaji hurudi kwa mkopeshaji yuleyule au hufungua mkopo mwingine kwenye simu. Nchini Kenya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato ya mshahara kupita theluthi mbili, na watumishi wa umma wa Tanzania wanaujua vizuri mpaka wa theluthi moja inayopaswa kubaki. Lakini mipaka hiyo inahusu makato yanayopita kwenye karatasi ya mshahara. Kadi iliyoko mfukoni mwa mkopeshaji haipiti popote.

Mtu wa namna hii huonekana kazini kwa dalili zinazochanganya. Anaomba zamu za ziada mpaka anasinzia kwenye mashine. Hapokei simu. Anaomba likizo yake ilipwe fedha. Mhasibu akikutwa na upungufu mdogo kwenye masurufu, huwa amekwisha kupita hatua zote hizo bila yeyote kuuliza. Mnasihi asiyejua hesabu hamsaidii. Atamwambia apumue taratibu. Anayehitajika ni mtu wa kukaa naye na karatasi, kuorodhesha wakopeshaji wote pamoja na riba zao, kumweleza yupi ana leseni na yupi hana, kumsaidia kuifunga kadi ya zamani na kupata mpya, na kuzungumza na SACCOS ya kazini kama inaweza kuyanunua madeni hayo kwa riba ya kawaida. Programu inayotaka kuaminiwa haraka na wafanyakazi wa Tanzania ingefanya vizuri kuanza hapo. Mtu huona haya kusema ana sonona. Kuhusu kausha damu husema upesi, hasa akijua mwenzake wa meza ya pili naye anayo.

Msiba una ugumu wa namna nyingine. Sheria ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayezika Bukoba, basi peke yake humeza siku mbili kwenda na kurudi. Na baba mdogo aliyemlea mtu tangu darasa la kwanza hayumo kwenye orodha, labda meneja awe mwelewa. Wafanyakazi wamejaza pengo hilo wenyewe kwa vikundi vya kufa na kuzikana, ambavyo hutoa turubai, rambirambi na gari la kusindikiza kwa ufanisi ambao idara nyingi zingeuonea wivu. Hivyo vikundi hukamilisha kazi yao siku ya arobaini. Mjane anayerudi kwenye dawati mwezi wa tatu, wakati kila mtu amekwisha kusahau na ndugu wa mume wameanza kuulizia nyumba, hana kikundi. Anahitaji mnasihi, na pengine wakili wa msaada wa kisheria kabla ya mnasihi.

Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mradi daktari athibitishe. Hakuna mahali iliposema ugonjwa ni malaria peke yake. Mtu anaweza kutibiwa uraibu wa pombe ndani ya siku hizo na kurudi kazini. Wachache mno wanajua hivyo, na maofisa utumishi wenyewe si wote wanaojua.

Yote haya husimama au huanguka kwenye siri. Mfanyakazi hasomi sera. Hutazama mlango uko wapi. Chumba cha mnasihi kikiwa mkabala na ofisi ya utumishi, redio mbao itatangaza majina kabla ya saa sita mchana, na mwezi wa pili chumba kitageuzwa stoo. Kwa sababu hiyo waajiri wengi duniani huajiri kampuni ya nje, simu hupokelewa nje, na vikao hufanyika nje ya geti. Ankara inayotumwa kwa mwajiri huwa na idadi bila majina. Hata idadi hiyo inahitaji uangalifu: ripoti inayosema kwamba idara ya uhasibu ilikuwa na kesi moja ya ndoa, wakati idara yenyewe ina watu watano, imekwisha kumtaja mhusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi linalohitaji ulinzi mkali zaidi, na mwajiri anayeomba mnasihi amnong'oneze jina moja tu yumo hatarini kuivunja.

Siri ina mipaka, na mipaka hiyo husemwa kwenye dakika za mwanzo za kikao cha kwanza: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhurika, mahakama ikiamuru. Hapa kuna jambo ambalo wizara inafaa ilitazame. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha aina hiyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kwamba kinapingana na Katiba. Mfanyakazi anayejua kwamba kusema ukweli kuhusu usiku wa juzi ni kukiri kosa atasema anaumwa kichwa.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko lile la gharama, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vyenye haki ya kulitoa. Kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, kilikuwa na wanasihi tangu mwaka 1936 hadi 1956. Walizunguka kwenye mitambo wakisikiliza malalamiko, nao hawakuwa na mamlaka ya kubadili chochote. Wakosoaji wa wakati huo walisema wazi kwamba mfanyakazi alikwenda na dai, akasikilizwa kwa upole, akarudi kwenye mashine akiwa mtulivu, na dai likabaki. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza kutoka taasisi 233. Waliopewa mafunzo ya kuhimili msongo, programu za simu za kutuliza akili na mambo kama hayo hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Shughuli za kujitolea peke yake zilionyesha tofauti. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inaelekea upande huohuo: huanza na kurekebisha kazi yenyewe, yaani saa, mzigo na unyanyasaji, ndipo inakuja kwa mtu mmojammoja.

Pingamizi hilo haliiangushi programu, ila linaipa mpaka. Mlinzi anayefanya zamu za saa kumi na mbili siku saba kwa wiki, na ndoa yake ikayumba, hana tatizo binafsi. Ana ratiba mbaya. Mshahara unaocheleweshwa miezi miwili huzalisha wateja wa kausha damu kwa wingi kuliko mnasihi yeyote anavyoweza kuwahudumia. Kwa hiyo mnasihi mzuri hupeleka kwa uongozi ripoti ya aina moja nyingine, isiyo na majina wala idara ndogo: kwamba robo hii malalamiko mengi yalihusu zamu za usiku, au ucheleweshaji wa mishahara, au msimamizi anayewatukana watu. Uongozi ukiipuuza ripoti hiyo miaka miwili mfululizo, basi wafanyakazi wana sababu ya kusema programu ni pambo.

Gharama hutegemea ukubwa. Taasisi kubwa inaweza kumwajiri mnasihi wake. Ya kati hulipa kampuni ya nje kwa kila kichwa kwa mwaka, watumie wasitumie. Mwenye karakana ya watu kumi na wanane hawezi lolote kati ya hayo peke yake, na barua yoyote inayomtaka aweze inajidanganya. Lakini karakana ishirini za mtaa mmoja wa viwanda zinaweza kuchangia mnasihi mmoja anayekuja siku mbili kwa wiki, na Chama cha Waajiri ndicho chenye orodha ya wanachama na ofisi za kuziunganisha.

Maombi ya barua hii ni machache. Wizara itoe mwongozo unaoruhusu miundo ya UKIMWI iliyopo kazini kupokea pia deni, uraibu, msiba na ukatili wa nyumbani, na useme kwa kauli moja kwamba mnasihi hawajibiki kwa ofisi ya utumishi. Chama cha Waajiri kianze na wanachama wa eneo moja la viwanda wakichangia huduma ya pamoja, na kiwafundishe wasimamizi mazungumzo ya daftari kabla ya kubandika namba ya simu ukutani, maana namba bila msimamizi anayejua kuitaja hukaa ukutani mpaka ipauke. Vyama vya wafanyakazi viiweke huduma hii kwenye mkataba wa hali bora unaofuata, kwa vipengele vitatu ambavyo mwajiri hawezi kuvibadili peke yake: nani anamchagua mnasihi, ripoti yake inaonyesha nini, na mfanyakazi anayekwenda kwenye kikao saa za kazi anaandikwaje kwenye daftari la mahudhurio.